Tumaini katika habari za kuzaliwa kwa Yesu: liko aya zipi hasa?

Mwezeshaji_Majilio

Shalom wapendwa. Naandaa vipindi 4 vya kujifunza Neno wakati wa Majilio, kimoja kila juma, dakika 40 kila kimoja, kikundi cha watu wazima wapatao 15. Mada ni "Tumaini katika kuzaliwa kwa Yesu". Shida ni kwamba maandishi mengi juu ya mada hii yanasema yale yale: nuru imekuja gizani, tusikate tamaa, mambo yatanyooka. Sikatai, lakini ukiuliza "aya ipi inasema hivyo?" watu wanaanza kuzungukazunguka.

Naomba msaada kwa haya:
1. Tumaini linaonekana kwenye aya zipi, na kwa namna gani?
2. Mathayo na Luka niwachanganye au niwatenganishe?
3. Mauaji ya watoto wa Bethlehemu (Mt 2:16-18) niyaweke au niyaruke? Kikundini wamo waliofiwa na watoto.

Ninachohitaji ni aya na sababu. Maneno ya kutiana moyo ninayo ya kutosha.

---

Uhamisho586

Mleta mada, nianze na swali la 2 maana ndilo linaloamua mengine. Watenganishe. Mathayo hana wachungaji, hana hori, hana jeshi la malaika. Luka hana mamajusi, hana nyota, hana Herode akiua watoto wala safari ya Misri. Ukiwachanganya kama kwenye maigizo ya Krismasi unapata onyesho zuri, lakini hoja mbili zinameza­na na hakuna inayosikika. Mathayo anashughulika na ahadi iliyoonekana kufia Babeli. Luka anashughulika na swali la nani mwenye haki ya kuitwa mwokozi, na habari hiyo ianze kwa nani. Vipindi 2 kwa kila mmoja vinatosha.

Kwa Mathayo, kosa la kawaida ni kuanzia 1:18 na kuruka orodha ya majina kwa kuwa inachosha. Orodha ndiyo msingi wenyewe. Mt 1:17 inaigawa mara tatu, vizazi 14 kila fungu: Ibrahimu hadi Daudi, Daudi hadi uhamisho wa Babeli, uhamisho hadi Kristo. Chora ubaoni: mstari wa kwanza unapanda, wa pili unaporomoka. Mfalme Yekonia alichukuliwa mateka 597 KK, Yerusalemu ukabomolewa 586 KK, na Sedekia, mfalme wa mwisho, alichinjiwa wanawe mbele yake kisha akang'olewa macho (2 Fal 25:7). Hapo wasomeshe 2 Sam 7:16, kwamba kiti cha Daudi kitadumu milele, halafu Zab 89:38-49, ambapo mtunzi anamwuliza Mungu waziwazi ziko wapi zile fadhili alizomwapia Daudi. Bila malalamiko ya Zaburi 89, Krismasi inakuwa jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Kisha fungu la tatu, na hapa usiwe na haraka. Kati ya Zerubabeli na Yusufu kuna majina 9, kuanzia Abihudi hadi Yakobo babaye Yusufu. Hakuna mahali pengine katika Biblia panaposimulia lolote juu ya hao 9. Hawakuwa wafalme wala manabii, na hakuna vita waliyoshinda. Walioa, wakazaa, wakazikwa. Wakati huo nchi ilipita mikononi mwa Waajemi, Wayunani, ukoo wa Kiyahudi wa Wahasmonayo, hatimaye Warumi. Mwambie kila mmoja achague jina moja kati ya hayo 9 alisome kwa sauti, halafu uliza: huyu aliona nini cha kumfanya aendelee kutumaini? Waache wakae na swali hilo kidogo. Tumaini kwa Mathayo linaanza hapo, kwa watu waliobeba ahadi bila kuona dalili yake hata moja.

Jiandae, maana atatokea mtu wa kuhesabu. Fungu la tatu lina majina mapya 13, linafika 14 ukimhesabu Yekonia tena. Fungu la pili limewaruka Ahazia, Yoashi na Amazia (linganisha 1 Nya 3:11-12). Mathayo amepanga orodha kwa makusudi, na wengi huona 14 ni jumla ya thamani za herufi za jina Daudi kwa Kiebrania, ambako herufi hutumika pia kama namba: 4+6+4. Dakika moja inatosha kwa hilo, usizame.

Swali la 3: usiyaruke. Mt 2:18 inanukuu Yer 31:15, Raheli akiwalilia watoto wake. Fungua Yeremia 31 yenyewe, na usiishie aya ya 15. Aya ya 16 inamwambia azuie sauti yake na kulia, na ya 17 inasema: "Tena liko tumaini kwa siku zako za mwisho." Tafuta tumaini kote katika sura hizi za kuzaliwa, utalikuta limetajwa karibu kabisa na aya yenye giza kuliko zote, aya mbili tu mbele ya ile aliyoinukuu.

Mandhari yake ni hii. Rama ni kaskazini ya Yerusalemu, na ndipo Yeremia alipokutwa amefungwa minyororo pamoja na mateka waliokuwa wakipelekwa Babeli (Yer 40:1). Raheli alikufa akijifungua, akazikwa njiani kwenda Efrata, ndiyo Bethlehemu (Mwa 35:16-20). Kwa hiyo Yeremia anamsikia mama aliyekwisha kufa akililia uzao wake unaopita na pingu, na Mathayo anakihamishia kilio hicho mtaani kwa Herode.

Jambo jingine, na kwa waliofiwa ni la lazima. Mt 1:22 na 2:15 zinasema mambo yalitokea "ili litimie" neno la nabii. Kwenye mauaji ya watoto Mathayo anabadilisha: "Ndipo lilipotimia" (2:17). Anafanya hivyo tena kwenye fedha za Yuda (27:9). Hasemi Mungu alitaka watoto wafe ili andiko litimie. Mtu akisema kikundini kwamba "Mungu alikuwa na makusudi na vifo vile", mwonyeshe kwamba Mathayo mwenyewe alikwepa kusema hivyo.

---

Mchambuzi_Mkaidi

Mkuu Uhamisho, orodha ya majina umeieleza vizuri, lakini kwenye Yeremia 31 unavuta kamba. Mathayo amenukuu aya moja, ya kilio, inayoishia kwamba Raheli asitake kufarijiwa kwa kuwa watoto hawako. Akakoma hapo. Angetaka tumaini angenukuu aya ya 17, ilikuwa mbele ya macho yake. Tena aya hiyo inaahidi watoto watarudi mpakani mwao. Wa Bethlehemu hawakurudi. Ukimwambia mama aliyefiwa "soma aya mbili mbele", anachosikia ni "nyamaza".

Na tusitie chumvi kwenye idadi. Mapokeo ya ibada ya Kibizanti yanataja watoto 14,000. Bethlehemu ilikuwa kijiji, na watoto wa kiume wa miaka 2 na chini yake wangekuwa wachache. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, hayataji mauaji haya, ingawa anamweleza Herode kuwa mtu aliyeua hata wanawe: Aleksanda na Aristobulo mwaka 7 KK, Antipatro mwaka 4 KK siku chache kabla ya yeye mwenyewe kufa. Uchache wa watoto haupunguzi msiba, ila hesabu ya uongo inampa msikilizaji sababu ya kukataa mengine yote.

---

Uhamisho586

Mchambuzi, la kumnyamazisha aliyefiwa niko nawe kabisa. La kwamba aya ya 17 haimo akilini mwa Mathayo, hapana. Aya tatu tu kabla ya hapo (2:15) amenukuu Hosea 11:1, na nukuu hiyo haina maana bila kujua Hosea anazungumzia nini, yaani Israeli kutolewa Misri. Ndivyo anavyonukuu, anagusa kamba moja akitegemea msomaji aujue wimbo. Yeremia 31 ndiyo sura yenye agano jipya (31:31), na damu ya agano inaibuka mezani kwenye Mt 26:28. Sura hiyo ilikuwa inamfanyia kazi kitabu kizima.

Kwamba watoto hawakurudi ndani ya sura ya 2 ni kweli, na Mathayo haweki kiraka. Kifo kinajibiwa sura ya 28. Kwa hiyo mleta mada afanye hivi: kipindi cha 2 asome Mt 2:16-18, akae kimya dakika nzima, afunge kwa sala. Yer 31:17 asiiguse siku hiyo. Aisome kipindi cha 4. Na waliofiwa awape taarifa mapema, mmoja mmoja, kwamba andiko hilo litasomwa, ili mtu aamue mwenyewe kuja au kutokuja. Kumshtukiza mtu na Raheli mbele ya wenzake ni ukatili hata ukiwa na nia njema.

---

Hekalu_na_Hori

Nichukue Luka.

Luka 2 inaanza na Kaisari Augusto, aliyetawala 27 KK hadi 14 BK. Watu husoma jina hilo kama tarehe tu. Mwaka 9 KK miji ya jimbo la Kirumi la Asia (magharibi ya Uturuki ya leo) iliamua mwaka wao mpya uanze siku ya kuzaliwa kwa Augusto, na maandishi ya uamuzi huo yalipatikana Priene, mmoja wa miji hiyo. Yanamwita mwokozi, yanasema alikomesha vita, na kwamba siku ya kuzaliwa mungu huyo ilikuwa mwanzo wa habari njema kwa ulimwengu. Mwaka huohuo madhabahu ya Amani ya Augusto iliwekwa wakfu Roma. Sasa soma Lk 2:10-14: habari njema, amezaliwa, Mwokozi, Bwana, amani duniani. Malaika anatumia lugha ya serikali kumtangaza mtoto aliyelala kwenye hori, na wanaoambiwa kwanza ni watu wa zamu ya usiku kondeni. Ukifundisha hivi, tumaini linaacha kuwa hali ya moyo. Linakuwa swali la kumwamini nani, kati ya madai mawili yaliyo wazi.

Wimbo wa Mariamu (Lk 1:51-53) ufanyieni zoezi. Waandike vitenzi vyote ambavyo Mungu ndiye mtenda: amefanya nguvu, amewatawanya, amewaangusha, amewakweza, amewashibisha, amewaondoa. Ni 6, na vyote vinasema jambo limekwisha kufanyika. Kisha chora safu mbili, "limeonekana" na "bado". Siku Mariamu anaimba, Herode yuko kitini, Augusto yuko Roma, mwenye njaa bado ana njaa. Na haikukawia kuwa mbaya zaidi: Herode alipokufa mwaka 4 KK palizuka uasi, na majeshi ya Varo, liwali wa Kirumi wa Shamu, yakauchoma Sepphoris, mji ulio kama kilomita 6 tu kutoka Nazareti, na wakazi wake wakauzwa utumwani. Josephus anataja watu wapatao 2,000 waliosulubiwa katika kuzima uasi wa mwaka huo. Safu ya "limeonekana" itabaki karibu tupu, na usijaribu kuijaza kwa nguvu. Mariamu anaimba hivyo kwa sababu ya aliyeahidi, kama Hana alivyoimba (1 Sam 2:1-10). Linganisheni nyimbo hizo mbili mkiwa na nafasi.

Zakaria anasahaulika, na kwa watu waliochoka kuomba ndiye wa kwanza kumfikia. Kuhani wa zamu ya Abiya, zamu ya 8 kati ya 24 (1 Nya 24:10). Yuko kazini, anafukiza uvumba, anaambiwa dua yake imesikiwa, na hawezi kuamini. Akawa bubu hadi mtoto alipopewa jina siku ya 8 (Lk 1:59-64). Angalia: ahadi haikufutwa kwa sababu kuhani aliitilia shaka. Mtoto alikuja vilevile. Wanaofundisha kwamba "ukitumaini kwa nguvu utapata" wana kazi ya kumweleza Zakaria.

Halafu Simeoni na Ana, Lk 2:22-38. Mtoto ana siku 40 (7 na 33, Law 12:2-4), wazazi wanatoa ndege wawili, sadaka ya wasiomudu mwanakondoo (Law 12:8). Simeoni anasema macho yake yameuona wokovu. Alichokiona ni mtoto mchanga basi. Hakuona muujiza, hakusikia mahubiri, hakufika Pasaka. Na papo hapo anamwambia Mariamu kuhusu upanga utakaoingia moyoni mwake (2:35). Makosa mawili hapa: kusema Simeoni alikuwa mzee wa miaka kadhaa, wakati Luka hakutaja umri wake; na kukomea aya ya 32 kwa sababu ya 35 inaharibu sherehe. Ana ndiye mwenye umri uliotajwa, miaka 84, mjane baada ya miaka 7 tu ya ndoa. Naye ni wa kabila la Asheri, moja ya makabila ya kaskazini yaliyoangushwa na Waashuri mwaka 722 KK. Watu hao walishahesabiwa kuwa wamepotea, kumbe binti yao yuko hekaluni.

Mwisho, unganisha Lk 2:38 na Lk 24:21. Ana anawatolea habari wale wanaotarajia ukombozi. Njiani kwenda Emau wanafunzi wawili wanasema walikuwa wakitumaini kwamba yeye ndiye angewakomboa Israeli. Walikuwa. Kitabu kimeanza na tarajio hilo na karibu na mwisho kinalionyesha limevunjika, halafu anayezungumza nao ndiye mwenyewe.

---

Dominika_ya_Waridi

Naongeza la kalenda tu, maana watu hukwama hapo.

Majilio huanza Dominika inayoangukia kati ya 27 Novemba na 3 Desemba. Katika masomo ya Dominika ya Kikatoliki, yanayozunguka kwa miaka mitatu (A, B, C), juma la 1 halisomi kuzaliwa kabisa, linasoma kuja kwa pili: Mt 24:37-44 mwaka A, Mk 13:33-37 mwaka B, Lk 21:25-28, 34-36 mwaka C. Juma la 2 na la 3 ni Yohane Mbatizaji. La 4 ndilo la Yosefu na Maria. Ukianza na hori juma la 1, kufikia la 3 umeishiwa, na kikundi kimeshasherehekea kabla hakijangoja.

Shada la Majilio: mishumaa 4, mitatu ya zambarau na mmoja wa rangi ya waridi unaowashwa Dominika ya 3. Majina ya mishumaa (tumaini, amani, furaha, upendo) yanatumika katika makanisa mengi lakini hayamo katika maandiko wala si sehemu ya lazima ya ibada, hivyo usigombane na anayeyapanga tofauti. Shada lenyewe lilianzishwa na mchungaji wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, huko Hamburg mwaka 1839: mishumaa mikubwa myeupe ya Jumapili, midogo myekundu ya siku za kazi, ili watoto aliowalea waone siku zikipungua. Kiutendaji, mshumaa wa kwanza huwaka majuma yote 4, wa mwisho juma moja tu. Uwashe dakika za kusoma Neno tu, uzime wakati wa majadiliano, la sivyo wa kwanza utaisha kabla ya Noeli.

Kwa muda wako wa dakika 40: 5 kuwasha na kusali, 10 kusoma, 20 kujadili, 5 kufunga. Anayeharibu ratiba mara nyingi ni mwezeshaji mwenyewe, anayegeuza dakika 10 za kusoma kuwa mahubiri ya nusu saa.

Ningependekeza mpangilio huu: juma la 1 orodha ya Mathayo na Zaburi 89. Juma la 2 Herode na Raheli kama alivyosema Uhamisho. Juma la 3 Zakaria, wimbo wa Mariamu, na Mt 11:2-6, Yohane akiwa gerezani anatuma watu waulize: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Huyu ndiye mtoto aliyeruka tumboni kwa furaha katika Lk 1:44. Yesu hamkemei kwa kuuliza, na pia hamtoi gerezani. Juma la 4 Simeoni na Ana, Yer 31:16-17, na Rum 8:24-25, kwamba kinachoonekana hakitarajiwi tena.

Sikukuu ya Watoto Mashahidi, yaani hao wa Bethlehemu, ni 28 Desemba, siku tatu tu baada ya Noeli. Kanisa halikuificha.

---

Mwezeshaji_Majilio

Asanteni sana, mmenipa zaidi ya nilichoomba. Moja tu limebaki. Kikundini yumo mwalimu wa historia. Atauliza kuhusu sensa ya Kirenio, liwali wa Kirumi wa Shamu (Siria), Lk 2:2. Nijibu nini bila kula kipindi kizima?

---

Mchambuzi_Mkaidi

Mpe dakika 2, na usimdanganye. Josephus anaweka sensa ya Kirenio mwaka 6 BK, Arkelao mwana wa Herode alipoondolewa na Uyahudi kuwekwa chini ya Roma moja kwa moja. Herode alikufa 4 KK. Pengo ni kama miaka 10. Wapo wanaosoma Lk 2:2 kuwa "sensa ya kabla ya ile ya Kirenio", wapo wanaodhani alishika madaraka Shamu mara mbili, na wapo wanaosema Luka amechanganya tarehe. Hakuna suluhisho lililokubaliwa na wote, na kufundisha tumaini hakutegemei kulimaliza hilo.

Ila mwulize naye: sensa hiyo iliwakumbusha nini wasomaji wa kwanza? Iliwakumbusha uasi wa Yuda Mgalilaya, na Luka anaujua, ameutaja Mdo 5:37 kwamba aliangamia na wafuasi wake wakatawanyika. Hapo palikuwa na tumaini jingine sokoni, la kushika silaha na kukataa kuandikwa. Yusufu wa Luka anaondoka Nazareti, wa ukoo wa Daudi, na anakwenda kuandikwa. Mwalimu wako akitaka kuendelea baada ya hapo, mpe sura nzima ya Mdo 5 akasome nyumbani, na hotuba ya Gamalieli aya 35-39 ndiyo ya kuanzia.